Mashine ya vidole mpakani imemkataa mathee, na afisa alikuwa anaona wazi ni yeye. Sasa nani mkubwa hapo?

Fundi_wa_Kondele (mwenye uzi)

Wadau mulembe, na watu wa ziwa misawa. Hii stori ni ndefu kidogo, kama bando yako ni ya kuhesabu ruka uende mwisho kuna swali.

Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele lakini kwetu ni Matayos kule Busia. Juzi mathee alikuwa anaenda Jinja kumuona dadake amelazwa. Siku zote huvuka na kitambulisho tu, si mnajua tangu 2014 sisi na Waganda na Wanyarwanda tunapita na kitambulisho, lakini chake kilipotea sokoni na kipya hakijatoka, basi akabeba ile pasipoti ya chipu tulimtengenezea wakati dada yangu alijifungua huko Uingereza. Mpaka gani sitataja, jueni tu ni hapa magharibi.

Kufika dirishani, afisa kijana akachukua pasipoti akaisomesha, akamwambia mama weka vidole vinne hapa. Akaweka. Taa nyekundu. Futa mkono mama. Akafuta na leso. Nyekundu. Bonyeza kwa nguvu. Akabonyeza mpaka mkono ukaanza kutetemeka, nyekundu, akaambiwa leta wa kushoto, nyekundu tena. Sasa mathee anasema yule kijana alimuangalia, akaangalia picha, akamuangalia tena, na hapo ndio kulimuuma kwa sababu kijana alikuwa ashamtambua. Sura ni hio hio, kovu la kidevu alilopata akipasua kuni ni hilo hilo. Lakini akasema tu "mama sistimu imekataa, hebu kaa kando" na akaita anayefuata.

Akakaa kwa benchi. Basi linapiga honi, konda anakuja kuchungulia kila dakika mbili, abiria wengine washaanza kusema huyu mama ameleta shida gani. Dakika arobaini. Mwishowe kukatokea afisa mwingine mzee, mwenye miwani, akamuuliza kwa Kisamia wewe ni wa ukoo gani, umezaliwa mwaka gani, mumeo alikuwa nani. Akacheka naye kidogo, akachukua kalamu akaandika kitu kwa daftari, akagonga muhuri. Kwisha.

Ile sehemu inanisumbua ni ya kurudi. Mathee hakupita getini. Bodaboda alimvusha na njia ya panya, shilingi mia moja, dakika saba, katikati ya mihogo ya watu. Huyu ni mama ambaye hata dukani akirudishiwa chenji imezidi anarudi kilomita mbili kuirudisha. Nikamuuliza mama kwa nini, akaniambia "kule hakuna mtu ananiuliza vidole vyangu." Na kwa sababu hakugongwa muhuri wa kuingia, kwa kompyuta mpaka leo ninavyoandika hapa mathee yuko Uganda. Yuko jikoni kwake Matayos anapika mrenda lakini yuko Uganda.

Kuhusu vidole, mimi kwa kazi yangu naelewa. Vidole vina matuta na mitaro kama shamba la viazi vitamu, na mashine inasoma pale tuta linaishia na pale linagawanyika mara mbili. Ya simu nyingi inapima umeme kidogo wa ngozi, zile za mpakani nyingi zinatumia mwanga chini ya kioo, lakini zote zinataka tuta lionekane. Mathee ana miaka 67, amemenya mihogo na kuipondaponda na kuianika juu ya mwamba tangu msichana, amefua na ile sabuni kali ya mche. Shamba limelimwa likawa tambarare. Hapa kwa meza yangu wamama wa kuparua samaki wakileta simu ya kufunguliwa na kidole nawaambia kabla hata sijaangalia, mama weka namba ya siri tu, hii kitu haitawahi kukujua.

Swali sasa. Mashine ikisema hapana na binadamu mwenye macho anaona ni ndio, nani mkubwa? Kuna sheria ama ni bahati ya kumpata mzee wa miwani?

---

Chapo_Madondo

Mathee wako ni mhamiaji haramu nyumbani kwake 😂😂 pole lakini nimecheka mpaka chai imetoka na pua

---

Trela_22

Fundi pole kwa mathee. Mimi napiga barabara ya Mombasa Kampala mwaka wa kumi na nne na nitasema kitu hamtapenda, mimi hizo mashine nazipenda. Hamjui vile kulikuwa kabla. Pale Malaba ungetoka kwa dirisha la Kenya unaenda kwa dirisha la Uganda, kila mtu na daftari lake, na mtu akitaka kukusumbua anakwambia haoni jina lako, anaonaje sasa, utoe kitu kidogo ndio macho yafunguke. Siku hizi tunagongewa pande zote mbili mahali pamoja, Busia ile Uhuru na Museveni walikuja kufungua Februari 2018 ni hivyo hivyo, na nikishawekwa kwa kompyuta hakuna mtu wa kuniambia sikupita.

Shida yangu ni ndogo. Kidole cha shahada cha kulia kilikatwa na mnyororo wa turubai, kiko nusu. Sasa mashine ikisema weka vidole vinne mimi niko na vitatu na nusu. Kuna siku afisa aliniambia "dereva weka vizuri" nikamwambia ndugu yangu hii ndio vizuri yenyewe. Alikuwa muungwana, kuna mahali anabonyeza kuonyesha kidole hakipo, ikaendelea. Kwa hivyo hio mashine ina njia ya binadamu kuingilia, ni vile vijana wengine hawajafunzwa ama wanaogopa kubonyeza.

Na sistimu ikilala ndio utajua. Laini ya malori inarudi nyuma kilomita na kilomita, watu wanapika ugali chini ya trela, na ile njia ya panya ya mathee inakuwa na shughuli kuliko geti.

---

Usalama_Kwanza_Nakuru

Huwa nasoma tu lakini leo niandike. Tuache huruma kidogo. Nchi hii ilipigwa na magaidi Westgate 2013 watu 67 wakaenda, ikapigwa Garissa 2015 watu 148 na wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Halafu mtu anakuja hapa kulia ati mama amekaa kwa benchi dakika arobaini. Dakika arobaini! Mimi pasipoti yangu nilifanyia hapa Nakuru, nikaweka vidole vyote, ikaisha, nikaenda zangu. Mtu hana cha kuficha anaogopa nini.

Kabla ya hizi mashine mtu alikuwa anaweza kuwa na pasipoti tatu na majina matatu. Jina unabadilisha, ndevu unanyoa, picha unabandua unabandika ingine. Kidole utabadilisha na nini? Na pasipoti ya sasa, hizi zilizoanza Septemba 2017, picha iko ndani ya chipu na serikali imeweka sahihi yake ya kompyuta juu, ukigusa hata nukta moja mashine ya kuisoma inajua. Hio ni kazi nzuri tukubali. Na njia ya panya dawa yake si kuondoa mashine getini, dawa ni kuziba njia ya panya.

---

Chapo_Madondo

@Usalama_Kwanza_Nakuru kuziba njia ya panya Busia? Kaka umewahi kufika Busia? Kuna boma sebule iko Kenya na choo kiko Uganda

---

Bit_na_Baiti

Usalama ulichosema juu ya chipu ni kweli kabisa, hapo sina neno. Lakini umechanganya vitu viwili na karibu kila mtu huchanganya. Mashine ya vidole inajibu swali moja tu, huyu ni yule aliyeandikishwa? Haijui na haitawahi kujua huyu anataka kufanya nini. Wale wa Garissa, mmoja wao alikuwa Mkenya, amesoma sheria chuo kikuu, baba yake chifu. Kitambulisho chake kilikuwa halali. Angeweka kidole popote taa ingewaka kijani na karibu sana. Hata wale 19 wa Septemba 2001 kule Marekani walikuwa wameingia na viza. Ni baada ya hapo ndio Marekani ikaanza kuchukua vidole vya wageni uwanjani, Januari 2004, kwanza viwili, baadaye wakaona havitoshi wakaenda kumi.

Sasa kwa Fundi. Kompyuta haisemi "huyu ni mama yako". Inatoa alama, kama mtihani. Alafu kuna mtu mahali ameamua alama ya kupita ni ngapi. Ukiiweka juu, mwizi hapiti lakini wamama wenye vidole vilivyoisha wanafeli. Ukiiweka chini, wamama wanapita na mwizi pia ana nafasi. Hakuna mahali pa kuiweka ambapo yote mawili yanaisha, haipo duniani. Kwa hivyo mathee hakukataliwa na mashine, alikataliwa na mtu aliyepanga alama ya kupita akiwa ofisini na labda vidole vyake mwenyewe ni laini kama vya mtoto.

Alafu tofautisheni kulinganisha mtu na pasipoti yake, mmoja kwa mmoja, na kumtafuta mtu kwa orodha ya mamilioni. Ya kwanza ni rahisi. Ya pili makosa yanajizidisha, kwa sababu hata kama inakosea mara moja kwa laki, ukimtafuta mtu kwa orodha ya milioni kumi utapata watu mia wanaofanana naye. Orodha za mpakani ni za namna hii, kama ule mfumo wa PISCES ambao Marekani iligawia nchi kadhaa na Kenya ni moja, kazi yake ni kukulinganisha na wanaotafutwa.

Msinielewe vibaya, kazi yangu ni hizi mambo, sichukii kompyuta.

---

Nyar_Dunga

Mimi naparua samaki kwa hivyo Fundi nimesikia umetutaja 😂 ni kweli. Yangu ya simu ilinijua siku ya kwanza tu dukani, kesho yake asubuhi baada ya ngege mbili tatu ikasema haijawahi kuniona maishani.

Lakini niwaulize nyinyi mnaosema geti geti. Ziwa lina geti? Boti inatoka hapa inaenda Sio Port, inaenda visiwa vya Uganda, inarudi na omena, na nyavu, na mchumba wa mtu. Kule Migingo watu wamesongamana kwa jiwe kama kuku na serikali mbili hazijakubaliana ni la nani, utaweka skana wapi, kwa papai? (wanaojua Migingo wanajua hakuna hata mpapai). Mashine inamshika aliyekubali kuja kwa mashine. Mwingine yuko majini amelala.

Na hawa wa kusema tutumie sura badala ya vidole, mimi niliwahi kusikia hizo kamera hazituoni vizuri sisi weusi. Bit hio ni kweli ama ni udaku?

---

Bit_na_Baiti

@Nyar_Dunga si udaku. Kuna utafiti wa 2018 wa akina Joy Buolamwini kule Marekani, walijaribu programu tatu za kampuni kubwa kazi ya kukisia tu kama sura ni ya mwanamke ama mwanamume. Kwa wanaume weupe ilikosea chini ya mara moja kwa mia. Kwa wanawake weusi moja ya hizo programu ilifika makosa 34.7 kwa mia, yaani karibu mmoja kwa watatu. Hio ni kukisia jinsia, si kutambua mtu, lakini mwaka uliofuata taasisi ya vipimo ya serikali yao, NIST, ikapima programu 189 za kutambua sura na ikakuta nyingi zinachanganya sura za Waafrika na Waasia mara kumi mpaka mia moja zaidi ya za wazungu.

Na angalia kosa lenyewe ni la aina gani. Si kukukataa tu, ni kusema Otieno ni Wafula. Kwa usalama hilo ni baya zaidi, maana Wafula anapita na pasipoti ya Otieno. Zile za sasa zimeboreka sana, nyingine zina makosa machache mno, lakini inategemea umenunua ipi na kama umeijaribu na sura za hapa ama umesaini tu kwa sababu brosha ilikuwa inang'aa.

---

Mgeni_wa_Bondeni

Naishi Nakuru lakini kwetu ni Garissa. Usalama, umesema asiye na cha kuficha haogopi. Nikupe kisa.

Miaka ya ukame, huko kwetu mifugo ilikufa, na kambini Dadaab kulikuwa na chakula na shule na hospitali. Wakenya wengi maskini walipeleka watoto wao wakaandikishwa kama wakimbizi ndio wapate posho. Mtoto mdogo hajui kitu, ameambiwa weka kidole hapa akaweka akapewa unga. Miaka inaenda, amefika 18, anaenda kuomba kitambulisho cha nchi yake, kidole kinawekwa, kompyuta inasema wewe ni mkimbizi. Mamake ana kitambulisho cha Kenya, babake, ndugu zake wote. Yeye hana. Bila kitambulisho huna laini ya simu, huna akaunti, kazi hakuna, basi la Nairobi unashushwa kwa kizuizi cha polisi. Si mmoja wala wawili, ni makumi ya maelfu, mambo hayo yamefika bungeni na mahakamani.

Binamu yangu ni mmoja. Alikaa miaka tisa hivyo. Tulikuwa tunamwita kwa utani "mtu wa kidole", yeye mwenyewe akicheka, mpaka siku moja hakucheka tukaacha.

Februari 2025 rais alikuja Wajir akatia sahihi kuondoa ule msasa wa ziada tuliokuwa tunapigwa watu wa kaunti za mpakani tukiomba kitambulisho. Nilifurahi sana, wazee walilia. Lakini msasa wa wazee ukiondoka, wa kompyuta bado uko. Kwa wazee angalau ungeweza kuapa.

---

Usalama_Kwanza_Nakuru

@Mgeni_wa_Bondeni hio sikuwa naijua. Pole kwa binamu.

Bado nasema mashine ni lazima. Lakini hio sikuwa naijua.

---

Mwalimu_Mstaafu_Bungoma

Vijana hamjambo. Mjukuu ndiye amenionyesha uzi huu, nami nimefundisha historia miaka thelathini na mbili kwa hivyo mtanivumilia.

Mnazungumza kama kwamba vidole ni jambo jipya. Mnajua kwa nini mpaka leo watu wetu wanaita kitambulisho "kipande"? Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa 1915, vita ikaichelewesha, ikaanza kufanya kazi kama 1919, 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, mwajiri wake, mshahara wake, na alama za vidole vyake. Inatiwa ndani ya kikopo cha bati chenye kamba, unakivaa shingoni. Babu yangu alikuwa nacho. Alikuwa akisema kilikuwa kikigongagonga kifuani ukitembea, kama kengele ya mbuzi, na usiku ulikivua lakini asubuhi kabla ya shati ulianza nacho. Ukitoroka shamba la mzungu huko Nakuru, polisi wangekutafuta kwa vidole. Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, alikamatwa 1922 kwa sababu, pamoja na mambo mengine, alikuwa akiwaambia watu wakikatae. Wanawake kwa ajabu hawakuandikishwa kabisa, mama zenu walianza kupewa vitambulisho 1978.

Na huo mpaka wenyewe. Kisumu hii, Bungoma hii, mpaka Naivasha huko, ilikuwa Uganda hadi 1902. Wakoloni walihamisha mstari kwa kalamu. Hapa Lwakhakha Mbukusu na Mgisu wanatahiri pamoja na wanaoana, Wateso wako Malaba pande zote, Wasamia vivyo hivyo. Ndiyo maana yule mzee wa miwani alimuuliza mama swali la ukoo. Hilo swali ni la zamani kuliko mpaka, na lina makosa yake pia, maana lingemfaa nini Mgeni wa Garissa akifika hapo? Angeulizwa ukoo na mtu asiyeujua ukoo wake. Kwa hivyo msimsifu sana mzee huyo. Alimjua mama kwa sababu alikuwa wa kwao.

---

Fundi_wa_Kondele

Mwalimu hapo umenipiga. Sikuwa nimefikiria hivyo, kweli mathee alipita kwa sababu anaongea Kisamia. Angekuwa mama Mturkana amevaa shanga zake je.

---

Wakili_wa_Mtaa

Nimekuja kujibu swali la Fundi maana mnazunguka tu 😄 mimi ni wakili hapa Kisumu, hii si ushauri wa kulipia.

Jibu liko. Sheria ya kulinda data ya 2019, kifungu cha 35. Inasema una haki ya kutofanyiwa uamuzi unaokugusa kisheria ambao umefanywa na mashine peke yake. Kuna nafasi zimeachwa, kama sheria nyingine imeruhusu na imeweka kinga, na usalama wa taifa una mlango wake mpana kwa hio sheria, mtu wa serikali atakwambia mpakani ni usalama wa taifa na utaanza kubishana. Lakini msingi uko, una haki kuomba binadamu aangalie upya. Ongeza kifungu cha 47 cha katiba, uamuzi wa ofisi ya umma ukikuumiza una haki kupewa sababu kwa maandishi. "Sistimu imekataa" si sababu. Ni hali ya hewa.

Na mahakama zetu hazijalala. Mnakumbuka Huduma Namba 2019, ile namba moja ya kila mtu, tulipanga laini kwa chifu karibu watu milioni 37? Wanubi na mashirika ya haki wakaenda kortini. Januari 2020 majaji watatu wakasema mnaweza kuendelea lakini DNA hapana, na kuchora mahali mtu anaishi kwa setilaiti hapana, na mkaweke kanuni za maana kwanza. Oktoba 2021 korti ikasema tena kadi zimeanza kutolewa bila kufanya tathmini ya athari kwa data za watu, kinyume cha sheria. Maisha Namba iliyokuja baada yake nayo imesimamishwa na kufunguliwa kortini mara mbili. Hata wale wa kupiga picha mboni za macho na kuwapa watu pesa za kidijitali 2023, korti mwaka 2025 iliwaambia wafute.

Kwa hivyo Fundi, mathee akikataliwa tena aseme hivi, kwa upole tu, "naomba msimamizi wako aangalie mwenyewe, na kama ni hapana naomba iandikwe." Mara tisa kwa kumi ukisema iandikwe, taa inakuwa kijani.

Lakini ile ya kurudi na boda, hio sikusoma.

---

Trela_22

Wakili unasema ukweli, "iandikwe" inafanya kazi hata kwa mizani. Lakini jua mama wa miaka 67 kwa laini na basi linapiga honi hawezi kusema kifungu. Hio maneno ingebandikwa kwa ukuta hapo dirishani, kwa Kiswahili, maandishi makubwa. Ukuta uko, umejaa mabango ya usipige picha.

Ulaya wenzetu wanakuwa wakali pia, jamaa yangu anaendesha lori Poland anasema tangu Oktoba 2025 muhuri wanaacha, ni sura na vidole vinne, na inakuhesabia siku zako yenyewe. Ukizidisha haina haja ya afisa kuhesabu kwa vidole vyake.

---

Chapo_Madondo

Kwa hivyo mathee wa Fundi angekuwa Ulaya kompyuta ingemhesabia siku za Uganda akiwa jikoni. Fundi mtoe Uganda haraka bana

---

Fundi_wa_Kondele

Asanteni wote, Wakili barikiwa sana. Niwape sasisho.

Mathee alikuja Kisumu juzi kwa kliniki ya macho. Jioni nikakaa naye hapa dukani nikachukua simu moja ya mteja iliyokuwa tayari, nikajaribu vidole vyake kimoja kimoja, vyote kumi, kila kimoja mara tano, naandika kwa kikaratasi. Gumba zote mbili sufuri. Shahada sufuri. Cha kati cha kulia mara moja. Tukafika cha pete cha mkono wa kushoto, mara nne kwa tano! Na kidole cha mwisho cha kushoto tano kwa tano. Nikamuuliza mama mbona hivi viko sawa, akaangalia mkono wake muda, akasema "hivyo vya kushoto ndivyo vinashika muhogo, vya kulia vinashika kisu na gumba ndio inasukuma." Basi nikampaka mafuta ya kujipaka kidogo, nikafuta, tukajaribu tena, na cha kati nacho kikaanza kuitika. Simu si skana ya mpakani najua, Bit usinikosoe, lakini angalau sasa anajua aombe mkono gani na asifike na ngozi kavu.

Muhuri wa kuingia bado hatujui tutafanyaje. Nimemwambia tuende tujieleze kabla hajaenda tena, kwa sababu dada yake bado hajatoka hospitali na anataka kurudi Ijumaa. Amekubali kupita getini. Sharti lake moja, apite kwa dirisha la yule mzee wa miwani.

---

Mama_Nekesa

Fundi kama ni ule mpaka nafikiria, na mzee ni yule mrefu wa miwani ya uzi shingoni, mimi huuza chai hapo nje. Alistaafu mwezi jana. Tulimchangia mbuzi.

---

Fundi_wa_Kondele

Mama Nekesa usiniambie.

Na kwa dirisha lake wameweka nani?

---

Mama_Nekesa

Yule kijana.